Kubadilisha Makubaliano ya Malezi na Masurufu kwa Njia ya Upatanishi: Mwongozo Kamili kwa Wazazi Waliotalikiana Malindi na Lamu

Baba mmoja wa Malindi, fundi wa magari, alipatana na mtalaka wake barazani kwa mjomba kwamba masurufu ya watoto wao wawili yapungue kutoka shilingi 12,000 hadi shilingi 7,000 kwa mwezi, kwa kuwa gereji aliyokuwa akifanyia kazi ilikuwa imefungwa. Mama alikubali kwa moyo mweupe, wakapeana mikono, wakasomewa Fatiha, kila mmoja akashika njia yake. Miezi 14 baadaye waligombana juu ya jambo jingine kabisa, mama akarudi mahakamani na amri ya zamani mkononi, na baba akaambiwa kwamba anadaiwa shilingi 5,000 za kila mwezi uliopita, yaani shilingi 70,000. Mama hakusema uongo hata mara moja, wala baba. Walichokosa ni karatasi moja ya mapatano yao iliyopelekwa masijala na kupigwa muhuri.

Nimekaa katika vikao vingi vya sulhu za wazazi waliotengana, na kosa la fundi huyu ndilo ninalolikuta mara kwa mara kuliko jingine lolote. Watu wetu wanajua kupatana. Wasichoambiwa ni kwamba amri ya mahakama haibadilishwi na maneno ya barazani, hata yakiwa ya kweli namna gani, bali hubadilishwa na amri nyingine. Upatanishi ndio njia nzuri ya kuifikia amri hiyo mpya bila ya kurudi kupigana mbele ya hakimu au kadhi, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuipita njia hiyo tangu siku ya kwanza ya kufikiria mabadiliko hadi siku ya kuikunja nakala ya amri na kuihifadhi.

Yanayobadilishika na yasiyobadilishika

Talaka yenyewe haiguswi na upatanishi wa aina hii. Ikiwa wawili wanataka kurudiana, hilo ni suala la rujuu (mume kumrejea mke kabla eda haijaisha) au ndoa mpya na lina taratibu zake. Mahari, masurufu ya eda na kiliwazo cha mtalaka (kitu anachopewa mke aliyeachwa ili kumliwaza) ni haki zinazotimizwa mara moja, na zikishalipwa zimekwisha. Mgawanyo wa mali ya ndoa nao, ambao unaongozwa na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, inayowaruhusu Waislamu kufuata sheria yao ya dini katika jambo hilo, ni vigumu sana kuufungua tena baada ya hukumu, kwa hiyo mwenye malalamiko ya nyumba au kiwanja aonane na wakili kabla ya kumtafuta mpatanishi.

Yanayobaki wazi ni yale yanayomhusu mtoto: anaishi na nani, anamwona nani na lini, anasoma wapi, nani anaamua juu ya matibabu na safari zake, na nani anatoa nini kwa ajili ya matumizi yake. Amri za mambo haya hazifungwi moja kwa moja kwa sababu mtoto hakai kama alivyokuwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, inasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulizwa katika kila jambo linalomhusu, na kwamba wajibu wa kumlea ni wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2001, imejengwa juu ya msingi huo. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, lakini masurufu yanaweza kuendelezwa kupita umri huo ikiwa kijana bado anasoma au ana ulemavu unaomzuia kujitegemea.

Hatua ya kwanza: itafute amri yako na uisome

Linaonekana jambo dogo, lakini wazazi wengi huja kikaoni bila ya kujua amri yao inasema nini hasa. Mmoja anakumbuka kwamba amepewa kumwona mtoto “wikendi,” mwenziwe anakumbuka “wikendi mbili kwa mwezi,” na amri yenyewe, ikifunguliwa, inasema “kwa utaratibu unaofaa,” maneno ambayo hayamsaidii yeyote. Nenda katika masijala ya mahakama iliyotoa amri, taja nambari ya kesi, na uombe nakala. Kama ulikuwa na wakili, nambari hiyo iko katika kila barua aliyokuandikia.

Nambari ya kesi inakuonyesha pia mlango wa kurudia, kwa kuwa mabadiliko hupelekwa katika jalada lile lile. Hapa pwani pana milango miwili mikuu. Mahakama ya Kadhi, kwa mujibu wa Ibara ya 170 ya Katiba, husikiliza masuala ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu pale ambapo wote wawili ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Mahakama ya Watoto, ambayo hukaliwa na hakimu, husikiliza malezi na masurufu ya mtoto wa dini yoyote. Majaji wa Mahakama Kuu wameamua kwa namna zisizolingana kuhusu mamlaka ya Kadhi katika malezi ya watoto, kwa hiyo ukiwa na amri ya talaka ya Kadhi ambayo ndani yake mna vifungu vya malezi, muulize karani wa masijala, au wakili kama unaye, mabadiliko yawasilishwe wapi, na umuulize kabla ya kuandika lolote. Swali hilo la dakika tano limewaepusha watu safari za miezi.

Hatua ya pili: eleza kilichobadilika

Hakimu, kadhi na mpatanishi wote watakuuliza swali moja: tangu amri ilipotolewa, nini kimebadilika? Kuchoka na amri hakutoshi, wala kumwonea uchungu mwenzako kwamba ameoa au ameolewa.

Sababu ninazozikuta Malindi na Lamu ni hizi zaidi. Mama amepata kazi Ghuba, Saudia au Qatar, kwa mkataba wa miaka miwili, na mtoto atabaki na bibi yake. Baba amehamia Lamu kwa kazi na mtoto yuko Malindi, na wikendi zilizoandikwa walipokuwa mitaa miwili jirani sasa zimekuwa safari ya siku nzima ya barabara kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha mashua. Hoteli imepunguza wafanyakazi. Mtoto ameingia sekondari ya msingi na gharama zimepanda. Mtoto ameugua maradhi yanayohitaji kliniki kila mwezi.

Kuna sababu moja inayotajwa sana na ambayo lazima niieleze kwa uangalifu, nayo ni mama kuolewa tena. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, hadhana, yaani kukaa na mtoto mdogo na kumlea, ni haki ya mama, na kuolewa kwake na mwanamume asiyekuwa jamaa wa mtoto kunaweza kuiondoa haki hiyo. Na mtoto akifikia umri wa kupambanua, ambao hukadiriwa kuwa miaka saba hivi, huulizwa anataka kukaa na nani. Haya ni kweli katika fikihi. Hata hivyo, hayampi baba ruhusa ya kwenda shuleni siku ya pili ya harusi akamchukua mtoto. Amri inasimama mpaka ibadilishwe, na atakayeibadilisha atamtazama mtoto kwanza: anavyolala, anavyosoma, anavyoishi na huyo baba wa kambo.

Wakati ambapo hamkai kikao

Upatanishi unahitaji watu wawili wanaoweza kusema “hapana” bila ya kuogopa watakapofika nyumbani. Kama umepigwa, unatishwa au unafuatwa, usikubali kuketishwa uso kwa uso kwa sababu tu wazee wamesema yazungumzwe. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inakuruhusu kuomba amri ya ulinzi, na simu ya 1195 hupokelewa bila malipo.

Mtoto akiwa amenajisiwa au kudhulumiwa kimwili, hilo ni jinai. Halina sulhu, halina fidia ya ng’ombe wala ya fedha, na anayelimaliza nyumbani anamlinda mhalifu. Piga 116, simu ya watoto, au nenda kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Ninalisema kwa ukali kwa sababu nimeona heshima ya ukoo ikitangulizwa mbele ya mtoto, na mtoto akaendelea kulala nyumba moja na aliyemdhulumu.

Hatua ya tatu: mchague mpatanishi

Wa kwanza na wa karibu ni wazee. Suratun Nisaa, katika aya ya 35, inaelekeza kupelekwa mwamuzi mmoja kutoka kwa watu wa mume na mmoja kutoka kwa watu wa mke, na desturi hii ina mizizi mirefu kwetu. Nguvu yake ni kwamba wazee wanawajua, na neno lao linabeba uzito ambao mgeni hana. Udhaifu wake ni huo huo: mjomba anayekujua tangu utotoni anakumbuka pia ugomvi wa miaka kumi iliyopita, na mara nyingi mwanamke huambiwa avumilie kabla hajamaliza sentensi. Ukichagua njia hii, hakikisha kila upande una mtu wake na kwamba mmoja wao anajua kuandika mapatano vizuri.

Wa pili ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Ofisi hizi huwaita wazazi, huwapatanisha juu ya malezi na masurufu, na huwaandikia makubaliano bila ya malipo. Kwa wazazi wenye kipato kidogo na mgogoro usiokuwa mkubwa, mimi huwaelekeza hapa kwanza. Afisa huyo anaweza pia kwenda kumwona mtoto anapoishi, na ripoti yake huheshimiwa sana na mahakama.

Wa tatu ni mpatanishi aliyeteuliwa na mahakama. Katiba, katika Ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize njia za mapatano, na mwaka 2016 Idara ya Mahakama ilianza kwa majaribio mpango wa upatanishi ulioambatanishwa na mahakama huko Nairobi, kisha ukaenezwa katika kaunti nyingine. Unawasilisha ombi la kubadilisha amri pamoja na hati ya kiapo, msajili anayehusika na upatanishi analipitia jalada, na akiliona linafaa anamteua mpatanishi aliyeidhinishwa. Wenye kesi hawamlipi mpatanishi huyo. Muda wa kawaida wa kumaliza ni siku 60, unaoweza kuongezwa kwa ruhusa. Asiyehudhuria bila ya sababu huandikiwa cheti cha kutotii, na mahakama inaweza kumtoza gharama. Njia hii ndiyo ninayoipendekeza pale ambapo mwenzako hapokei simu, kwa kuwa barua ya mahakama huitikiwa na mtu ambaye salamu za mjomba zilimshinda kuitika.

Yuko pia mpatanishi binafsi mnayemlipa wenyewe. Kubalianeni ada kabla, kwa maandishi, na nani atalipa kiasi gani.

Hatua ya nne: matayarisho kabla ya kikao

Mama mmoja alifika kikaoni na mfuko wa unga uliojaa risiti: za dawa, za sare, za nauli ya bodaboda, nyingine zimefifia hadi hazisomeki. Alikuwa amezihifadhi miaka mitatu. Baba alipoziona alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hakujua kwamba pampu ya pumu ya mtoto hununuliwa mara nyingi namna ile. Kikao kile kilimalizika kwa saa mbili. Namweleza kila mtu habari ya mfuko ule, ingawa ningependelea risiti zipangwe.

Andika bajeti ya mtoto ya mwezi mmoja, na iwe ya mtoto, isiwe ya nyumba nzima: chakula chake, sehemu yake ya kodi ya nyumba na maji, karo iliyogawanywa kwa miezi, madrasa, nauli, nguo, matibabu na mchango wa bima ya afya ya jamii. Kwa upande wa pili, andika kipato chako kwa ukweli. Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita hueleza mengi kuliko kiapo, na anayeificha hujulikana. Kama umekuwa ukituma masurufu, chapisha taarifa hiyo na utie alama kwenye kila muamala, kwa sababu fedha taslimu ulizompa mtoto mkononi ni vigumu kuzithibitisha.

Kisha andika mambo matatu: unachokitaka, unachoweza kukiachia, na usichoweza kukiachia hata kidogo. Karatasi hiyo usimwonyeshe mtu. Mpatanishi akikuita faragha na kukuuliza, utakuwa tayari umeyapima mambo nyumbani usiku ukiwa umetulia, badala ya kuyapima hapo ukiwa na hasira.

Ikiwa mtoto ana akili za kujieleza, sheria inataka maoni yake yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Lakini usimfundishe la kusema, na usimlete kikaoni kusikiliza wazazi wake wakihesabiana makosa. Maoni yake yachukuliwe kando, na afisa wa watoto au na mpatanishi mwenyewe.

Hatua ya tano: kikao chenyewe

Mpatanishi hufungua kwa kueleza kwamba yeye hahukumu, na kwamba yanayosemwa chumbani ni siri, hayawezi kutumiwa baadaye mahakamani kama ushahidi. Kisha kila mmoja hupewa nafasi ya kueleza bila ya kukatizwa. Huu ndio wakati mgumu zaidi, kwa kuwa utasikia maneno ambayo kwako si kweli na unatakiwa unyamaze. Chukua kalamu uyaandike, utayajibu.

Baada ya hapo hutengwa masuala: malezi, ziara, masurufu, madeni. Msiyachanganye. Hasa msikubali masurufu na ziara kufanywa bei ya kubadilishana. Baba ambaye hajatuma fedha hapotezi kwa hilo peke yake haki ya kumwona mwanawe, na mama aliyemzuia baba asimwone mtoto hajamwondolea baba wajibu wa kutoa masurufu. Chakula ni haki ya mtoto, na kumwona mzazi wake ni haki ya mtoto vile vile. Wazazi wakiyafanya silaha, anayekosa yote mawili ni yeye. Nikiona kikao kinaelekea huko husimamisha mazungumzo na kuanza upya na suala moja tu.

Mambo yakikaza, mpatanishi humwita kila mmoja kando. Utakalomwambia huko hatalipeleka upande wa pili bila ya ruhusa yako. Zungumza naye wazi, hata kama ni kumwambia kwamba unaona haya kusema mbele ya mtalaka wako kuwa huna kazi.

Aliye Ghuba anaweza kushiriki kwa simu ya video. Panga saa mapema, hakikisha hayuko mbele ya mwajiri wake, na nyaraka atakazotia saini zitayarishwe kwa namna ambayo mahakama itaikubali. Hili mpatanishi alijue kabla.

Nao msitie saini kwa uchovu. Jioni imeingia, watu wana njaa, kila mmoja anataka kwenda, na hapo ndipo vifungu vibaya hupita. Ombeni siku tatu za kufikiri na kuonana na wakili.

Hatua ya sita: kuyaandika mapatano

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa mapatano mengi hufa kwa sababu ya uandishi.

Chukua masurufu ya mvuvi. Baba wa Lamu alikuwa ameamriwa atoe shilingi 8,000 kila mwezi. Wakati wa kaskazi bahari ni tulivu, samaki wapo, na alikuwa akilipa bila ya shida. Kusi ikivuma mashua hukaa pwani siku nyingi, na kila mwaka alikuwa akiingia deni kuanzia Mei. Mama alimwona mtu wa ahadi za uongo. Yeye alijiona anadhulumiwa. Kikaoni tulichukua kalenda na kuandika hivi: Aprili hadi Septemba atatoa shilingi 5,000 kwa mwezi, na Oktoba hadi Machi atatoa shilingi 11,000. Miezi sita ya kwanza ni shilingi 30,000, sita ya pili ni shilingi 66,000, jumla shilingi 96,000, ambazo ni sawasawa na 8,000 mara 12. Mtoto hakupungukiwa hata shilingi moja kwa mwaka, ila mama alijua kwamba anatakiwa aweke akiba kidogo wakati wa kaskazi. Wanaofanya kazi katika hoteli na mashua za watalii wanaweza kupanga vivyo hivyo kwa kufuata msimu wao.

Andikeni pia tarehe ya kulipa, nambari itakayopokea, na kitakachotokea pakichelewa. Kama kuna deni la nyuma, litajwe kwa kiasi chake na namna ya kulipwa kidogo kidogo, au isemwe wazi kwamba mahakama inaombwa ilifute na kwa nini. Deni lisilotajwa halipotei.

Ziara nazo ziandikwe kwa namna ambayo mtu asiyewajua anaweza kuzifuata. Sentensi “baba atamchukua mtoto wakati wa likizo” ni mbegu ya ugomvi. Badala yake: “Katika likizo za Aprili na Agosti, baba atampokea mtoto gatini Mokowe siku ya pili baada ya shule kufungwa, kabla ya saa kumi jioni, na atamrudisha hapo hapo siku tatu kabla ya shule kufunguliwa. Nauli ya kwenda italipwa na baba, ya kurudi italipwa na mama. Mtoto atasafiri na mtu mzima anayejulikana na wote wawili, na atavaa koti la kuelea awapo ndani ya mashua.” Kifungu cha koti la kuelea kilitoka kwa bibi wa mtoto, na tangu siku hiyo sijaandika mapatano ya Lamu bila ya kukiweka.

Sikukuu zisiwekewe tarehe za kalenda ya kawaida. Mwaka wa Kiislamu unapungua siku kumi au kumi na moja kila mara, kwa hiyo mkiandika “mwezi wa Aprili” kwa maana ya Idi, baada ya miaka mitatu mtakuwa mmeandika kitu kingine. Andikeni “Idil Fitri kwa mama na Idil Adhha kwa baba, na mwaka unaofuata kinyume chake,” na muongeze itakuwaje Idi ikiangukia siku za shule. Familia za Lamu zitaje Maulidi kwa jina, kwa kuwa kila mtoto wa huko hutaka awepo, na kila nyanya humtaka awepo.

Mama anayekwenda Ghuba aandike nani atamlea mtoto, nani atatia saini shuleni na hospitalini, mtoto atazungumza naye siku gani, na malezi yatarudi kwake vipi mkataba ukimalizika. Bila ya kifungu hicho cha mwisho, mama hurudi baada ya miaka miwili akakuta hali imekwisha kuwa ya kudumu.

Mwisho wekeni kifungu cha kupitia upya mapatano kila baada ya mwaka mmoja au mtoto anapobadili shule, na kifungu kwamba mtarudi kwa mpatanishi kabla ya kwenda mahakamani, isipokuwa usalama wa mtoto ukiwa hatarini.

Hatua ya saba: kuyapeleka mahakamani

Mapatano yakishatiwa saini na nyote wawili, na mawakili kama wapo, yanawasilishwa katika jalada lile lile kama hati ya maridhiano. Mkiwa mmepitia upatanishi wa mahakama, mpatanishi mwenyewe huyapeleka pamoja na ripoti yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, mapatano yaliyopatikana kwa upatanishi ulioelekezwa na mahakama na kusajiliwa hutekelezwa kama hukumu, na hayakatiwi rufaa. Kwa hiyo saini yako ni nzito kuliko unavyodhani unapoishika kalamu.

Hakimu au kadhi halazimiki kuyapokea hivi hivi. Akiona kwamba mama amekubali kutopewa chochote kwa ajili ya watoto ili tu aachwe kwa amani, anaweza kuyarudisha, kwa sababu masurufu si mali ya mama hata ayasamehe. Atawauliza kama mmeelewa mlichotia saini na kama mna hiari. Jibuni kwa ukweli.

Nyaraka siku hizi huwasilishwa kwa mfumo wa mtandao wa mahakama. Usiyeweza kuutumia, masijala itakuelekeza au utasaidiwa na mwenye saibakafe. Asiye na uwezo wa wakili aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Mpaka amri mpya itolewe, ya zamani inafuatwa. Endelea kulipa kiasi cha zamani, endelea kumtoa mtoto kwa siku za zamani. Ukishindwa kabisa, lipa unachoweza na uandike ujumbe wenye tarehe ukieleza sababu.

Baada ya amri kutoka

Omba nakala tatu zilizothibitishwa. Moja ikae kwako, moja ipelekwe kwa mwalimu mkuu, na moja kwa anayemlea mtoto mnapokuwa mbali. Shule ikijua nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, ugomvi wa langoni hupungua sana.

Mwenzako akikiuka, usijibu kwa kukiuka nawe. Andika tarehe na kilichotokea, mkumbushe kwa ujumbe mmoja wenye adabu, kisha mrudishe kwa mpatanishi kama mlivyokubaliana. Akikataa, mahakama inaweza kuombwa itekeleze amri, na kwa masurufu hilo linaweza kufikia kukatwa mshahara. Mvuvi wa Lamu na mtalaka wake wamekwisha kupitia mapatano yao mara mbili tangu kikao kile. Mara ya pili waliandika wenyewe nyumbani kwa bibi, wakaja kwangu tu ili niwasomee kama kuna kilichosahauliwa, na kilichokuwa kimesahauliwa kilikuwa kimoja: nambari ya kesi.